Ajenti mmoja wa kila kitu? Mpe kazi, kupima ubaki nako wewe



Kuna mabishano hayaishi kwa sisi tunaouza spea za elektroniki mtandaoni: transista, kapasita, IC, betri, vioo vya simu, bodi za chaji, vidude vya sola. Kundi la kwanza linasema achana na maajenti, ingia 1688 mwenyewe, ongea na muuzaji, lipa, tafuta kargo, faida yote ibaki kwako. Kundi la pili linasema shika ajenti mmoja aliyeko China akufanyie kila kitu: atafute bidhaa, alipe, apokee, akague, afungashe, asafirishe, atoe mzigo forodhani, wewe usubiri simu ya kwenda kuchukua boksi lako. Mimi niko kundi la pili na sina mpango wa kuhama. Ila kuna kipande kimoja cha kazi ambacho simwachii ajenti hata awe ndugu yangu, na nikiona vijana wanaoanza wanavyokiachia kirahisi huwa naumia, maana hicho ndicho kinachoua duka.

Nianze na kwa nini nakubali ajenti mmoja. Anayeuza magauni anaweza kuagiza aina tatu, vipande mia kila aina, kutoka kiwanda kimoja. Akikosa rangi ya bluu, anauza nyekundu. Spea haziko hivyo. Angalia oda ya kawaida ya fundi wa amplifaya: 2SC5200 na mwenzake 2SA1943, kapasita za 4700 volti 63, resista za waya za wati 5, TDA7294 kadhaa, diodi daraja, feni ndogo, griisi ya joto, soketi za RCA, swichi, fyuzi. Hapo kuna wauzaji nane au tisa tofauti, na kila kitu peke yake bei yake ni ya kuchekesha. Lakini ukikosa kimoja, fundi hafungi kazi, na wewe hulipwi.

Sasa jaribu kufanya mwenyewe. 1688 ni soko la ndani la China. Limeandikwa Kichina, wauzaji wake wamezoea kulipwa kwa Alipay, na wanataka anwani ya China ya kupeleka mzigo. Kila muuzaji ana kiwango chake cha chini cha oda na gharama yake ya kutuma ndani ya China. Maongezi tisa, vifurushi tisa, na ukitaka kurudisha kimoja kilichokosewa, nani atakirudisha? Mchana unajibu wateja, unafunga mizigo, unakimbilia stendi ya Magufuli kuwahi basi la Mbeya. Usiku ndio ukae na programu ya kutafsiri unabishana na mtu kuhusu kapasita? Saa zako nazo zina bei, hata kama haziandikwi kwenye daftari.

Ajenti mzuri aliyeko Guangzhou au Shenzhen anayamaliza hayo kwa siku mbili. Shenzhen kuna Huaqiangbei, kwenye wilaya ya Futian, mtaa wa elektroniki ambao anayeuza spea Afrika Mashariki anauuzia hata kama hajawahi kuusikia. Ni majengo ya ghorofa yaliyojaa vibanda vidogo kuliko meza ya mama lishe, na kila kibanda kina kitu chake. Huyu kapasita tu, yule soketi tu, mwingine IC za chaji tu. Mtu mwenye miguu pale anaweza kununua vipande 50 vya kitu ambacho mtandaoni wangekulazimisha 1,000. Halafu anakusanya vyote kwenye godauni moja, vinatoka kama mzigo mmoja. Kwa mfanyabiashara mwenye mtaji wa milioni mbili, hilo ndilo linalomwezesha kuwa na duka lenye aina mia badala ya aina sita.

Kwa hiyo anayekwambia ajenti ni dalali tu wa kukwepwa, muulize anauza nini.

Sasa nije kwenye kile kipande. Mtu akikutafutia bidhaa, akailipia, akaipokea, akaikagua, akaisafirisha, nani amebaki wa kusema kuwa bidhaa ni mbovu? Mtunga mtihani, msimamizi na msahihishaji wamekuwa mtu mmoja. Sisemi maajenti ni wezi. Wengi niliofanya nao kazi ni watu waaminifu wanaohangaika kama sisi. Nasema kipato chao kinakuja mzigo ukitembea, na mzigo ukirudi dukani China wanapoteza siku na nauli. Halafu kuna jambo la pili ambalo ni kubwa zaidi: ajenti si fundi. Akikwambia "nimekagua, bosi", maana yake amehesabu, ameangalia kama boksi limepondeka, na amepiga picha. Transista feki inapendeza kwenye picha kuliko hata orijino.

Mwenzangu mmoja anayeuza kupitia WhatsApp alipokea transista 500 za namna hiyo. Video ya kuhesabu alitumiwa, picha alitumiwa, maandishi juu ya transista yamenyooka. Fundi wa Iringa akafunga nne kwenye amplifaya ya kanisa, na ibada ya Jumapili ikaishia kwenye moshi. Jamaa alipompigia ajenti wake, akajibiwa, "Kaka, mimi nilikagua, picha si unazo?" Na kweli anazo. Zipo kwenye simu yake mpaka leo. Fundi wa Iringa hayupo tena, na mafundi wana magrupu yao, mnajua habari zinavyokimbia humo.

Feki za spea zinatoka wapi? Nyingine zinatengenezwa feki toka mwanzo. Nyingine zilikuwa orijino zamani: zinang'olewa kwenye bodi za taka. Mji wa Guiyu, huko huko jimbo la Guangdong, ulijulikana duniani kwa kazi hiyo. Bodi zinapashwa moto, IC zinang'oka, zinaoshwa, uso unasuguliwa mpaka maandishi yanapotea, unapakwa weusi mpya, halafu inapigwa chapa ya namba nyingine, mara nyingi ya bei kubwa zaidi. Miguu inanyooshwa na kupakwa risasi upya. Kwa macho ni mpya.

Na usidhani hili ni tatizo la masikini. Mei 2012, Kamati ya Seneti ya Marekani inayoshughulikia majeshi ilitoa ripoti kuhusu vipuri feki vya elektroniki kwenye vifaa vya jeshi lao. Walikuta kesi takriban 1,800, vipande zaidi ya milioni 1, na katika kesi walizofuatilia asili yake, zaidi ya asilimia 70 zilirudi China. Unajua viliingiaje? Vilipita mikono mingi: kampuni inamwamini muuzaji wake, muuzaji anamwamini wa kwake, na yule wa mwisho aliokota mahali ambapo hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyepima. Kama kwa wenye ndege za kivita ilikuwa hivyo, wewe mwenye ajenti mmoja na video ya sekunde thelathini usilale.

Kuna kisa kingine cha Oktoba 2014 ambacho wauza nyaya za kuprogramu na bodi za Arduino wangepaswa kukijua. Kampuni ya FTDI ya Scotland inatengeneza IC ya FT232, ile inayounganisha USB ya kompyuta na vifaa. Ilikuwa imeigwa mno. Walitoa toleo jipya la programu yao, likaingia kwenye kompyuta za watu kupitia masasisho ya Windows, na likikuta IC feki linaibadilisha namba ya utambulisho kuwa sifuri. Kompyuta haioni tena kifaa. Watu walilalamika mpaka sasisho likaondolewa. Sasa fikiria wewe ulikuwa umeuza nyaya 200 zilizoandikwa FTDI, asubuhi moja zinakufa bila mteja kugusa chochote. Utamweleza nini? Kwamba ajenti alikagua?

Basi kupima kubaki kwako. Haihitaji maabara, inahitaji mambo machache yanayokaa kwenye droo moja.

La kwanza na la maana kuliko yote ni kuwa na kipande cha mfano ambacho una uhakika nacho. Wasambazaji wanaoruhusiwa rasmi na viwanda, kama Mouser na DigiKey, wanauza hata kipande kimoja. Bei yao iko juu, na usafiri wao wa haraka utakuuma ukiagiza peke yako. Jikusanyeni watu watatu wanne, kila mmoja achague spea zake kumi zinazotoka sana, mlete kifurushi kimoja. Hizo hauziuzi. Zinakaa kwenye vifuko vyenye majina, na kila mzigo mpya ukifika unaweka ya mzigo huo pembeni ya mfano. Uzito, unene, namna maandishi yalivyochomwa, rangi ya miguu. Ukishafanya hivyo mara tatu, jicho linaanza kujua lenyewe. Nimeona watu wanatumia mamilioni kwenye matangazo ya Instagram na hawana hata kipande kimoja cha mfano.

La pili ni kuvunja. Ndiyo, kuvunja. Transista kubwa kama 2SC5200, ambayo orijino ya Toshiba ni ya volti 230 na ampea 15, ukiipasua kwa koleo utaona kipande cha silikoni ndani. Feki nyingi zina kijipande kidogo ambacho hakiwezi kubeba ampea hizo hata kwa maombi. Pasua moja ya mfano mara moja, ipige picha, uwe nayo. Halafu kila mzigo upasue moja au mbili. Hasara ya transista mbili ni bei ya soda.

Kwa IC, pamba na asetoni. Sugua uso. Pamba ikitoka nyeusi au maandishi yakianza kuondoka, mzigo wote una shaka. Isipotoka bado hujapona, maana kuna rangi za kisasa zinazokataa asetoni, lakini umepunguza wengi. Wengine hutumia dawa ya kutoa rangi ya kucha. Soma chupa kwanza, si zote zina asetoni.

Kapasita ni mita inayopima kapasita au kile kipimio kidogo cha transista kinachouzwa kila mahali. Kuna kapasita zina kopo kubwa nje na kapasita ndogo ndani, nyingine unaigundua kwa kuishika tu mkononi, nyepesi kama ganda la karanga. Flashi na kadi za kumbukumbu, jaza mpaka mwisho kwa programu kama H2testw halafu isome tena. Ukubwa unaoonekana kwenye kompyuta hauthibitishi chochote. Betri za 18650, mizani ya vito. Betri nzuri ya aina hiyo ina gramu 45 hivi kwenda juu, na uwezo wa kawaida wa zile bora ni kama 3,500 mAh. Ukiona imeandikwa 9900, huhitaji hata mizani, hiyo ni feki kwa maandishi yake yenyewe. Bado zinauzwa, na kuna mtu anasoma hapa anazo dukani. Simsemi.

Kupima pia kunaanza kabla ya kununua, kwenye orodha unayomtumia ajenti. Hapa ndipo ajenti wanapolaumiwa bila kosa. Unamwandikia "LM2596 vipande 100" halafu unashangaa umeletewa za volti 5 wakati wateja wako wanataka za kurekebisha. LM2596S-5.0 na LM2596S-ADJ ni vitu viwili, vinatofautiana herufi za mwisho tu. AMS1117 hivyo hivyo, kuna ya 3.3 na ya 5.0. Kapasita ukiandika 470 bila volti, bila kipenyo, bila kusema ya nyuzi 85 au 105, atachukua ya bei ndogo, na ungekuwa wewe pale ungefanya hivyo hivyo. Vioo vya simu ndio balaa, simu yenye jina moja sokoni inaweza kuwa na namba mbili za modeli. Andika namba iliyoko kwenye mipangilio ya simu, siyo jina la tangazo. Andika namba kamili, kifurushi chake, picha ya mbele na ya miguu.

Na weka sentensi moja chini ya orodha, kila mara: usibadilishe kitu bila kunitumia picha na kusubiri jibu langu. Ile ya "hii imekosekana nimekuchukulia inayofanana" ndiyo imezaa mizigo iliyolala kwenye mashelfu yetu. Kwenye spea hakuna kufanana kwa nusu.

Tuje kwenye pesa, maana kupima kwako hakuna nguvu kama umeshalipa kila senti. Ninachopendekeza, na wapo wanaokubali hasa ukishafikisha mzigo wa tatu wa maelewano mazuri: bei ya bidhaa lipa mwanzo, usafiri lipa ukichukua mzigo, kamisheni yake lipa siku saba baada ya mzigo kufika na kupimwa. Siyo kwamba kamisheni itafidia hasara yote. Haifiki. Ila mtu ambaye bado anakudai kitu anapokea simu.

Na hiyo kamisheni ijue ni kiasi gani kweli. Kuna matangazo ya "kamisheni sifuri" yanayovutia sana. Tuchukue namba rahisi za mfano. Bidhaa ni yuani 4,000. Tuseme siku hiyo yuani ni shilingi 370, hiyo ni 1,480,000. Ajenti wa kamisheni sifuri anakubadilishia kwa 400, unalipa 1,600,000. Umempa 120,000 bila kujua. Yule mwingine aliyekutajia wazi asilimia 5, angechukua 74,000. Nani ghali hapo? Mimi sina tatizo na mtu kula kwa kazi yake. Nina tatizo na kutojua anakula wapi, kwa sababu siku mzigo unaharibika hamtakuwa na pa kuanzia kuongea. Omba bei ya bidhaa kwa yuani, kiwango cha kubadilisha, na gharama ya huduma, kila kimoja kwenye mstari wake.

Usafiri wa ndege pia una hesabu yake ambayo hawakuelezi mpaka ufike kuchukua. Mzigo mkubwa mwepesi unatozwa kwa ujazo. Kargo nyingi za ndege zinazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu wanagawa kwa 6000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 linahesabiwa kilo 20, hata kama ndani kuna makasha ya plastiki ya kilo 9. Mwambie ajenti atoe maboksi ya maonyesho, apange makasha ndani ya makasha. Transfoma na kapasita hazina shida hiyo, zenyewe ni nzito.

Betri ndio sehemu nisiyotaka utani. Kuna maajenti watakwambia "tutazificha katikati ya nguo". Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa zenyewe, bila kuwa ndani au pamoja na kifaa, haziruhusiwi kupakiwa kama mzigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo kuna masharti, mojawapo chaji isizidi asilimia 30. Masharti hayo yapo kwa sababu betri hizi zikishika moto angani hazizimiki kirahisi. Boksi lako likikamatwa, linashikiliwa na mizigo ya watu wengine mliofungashwa pamoja, na kuna dada wa watu anasubiri viatu vya watoto humo. Betri pakia kwenye meli, kwa kampuni inayokubali betri na kuziandika kuwa ni betri. Ndiyo, ni miezi. Panga mapema.

Makaratasi nitayapitia haraka. Mzigo wa kuchanganya mara nyingi unatoka forodhani kwa jina la kampuni ya kargo, wewe unalipa kwa kilo "kila kitu ndani". Ni rahisi, na kwa mzigo wa kwanza wa kujaribu sikulaumu. Lakini huna TANSAD yenye TIN yako, kwa hiyo kwa macho ya TRA mzigo huo haukuingizwa na wewe. Kama umesajiliwa VAT, ile asilimia 18 iliyolipwa forodhani huwezi kuidai bila hati yenye jina lako. Mzigo ukianza kuwa wa maana, lipia utoke kwa jina lako, na mwambie ajenti aandike ankara mstari kwa mstari: kapasita ziko kundi la 8532, resista 8533, transista na diodi 8541, IC 8542, betri 8507. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35, na ukiandika tu "vifaa vya umeme" umemwachia mwingine akuchagulie kiwango.

Sasa kuna hoja naisikia sana: "Mlazimishe ajenti akupe majina ya wauzaji, akikataa mkimbie." Hapa natofautiana kidogo na wenzangu. Kibanda alichokitafuta kwa miguu yake miaka mitano ndiyo mtaji wake. Ukimwambia akupe bure, ni kama mteja wako akuombe namba ya ajenti wako. Ungempa? Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na simwachii: picha ya lebo ya kiwandani iliyo kwenye mfuko au roli, yenye namba ya toleo, na picha ya risiti ya muuzaji, hata akifunika simu na jina. Kwa nini? Kwa sababu nikipima mzigo nikakuta ni mzuri, nataka uleule tena, siyo "wa namna hiyo". Na nikikuta mbovu, nataka ajue kibanda gani asirudi. Daftari langu lina namba ya toleo, tarehe ya kupimwa na matokeo. Ajenti akiugua, akibadili kazi, au akizima simu, nina kitu cha kumpa mwingine aanzie.

Halafu kuna vitu ambavyo simpi ajenti kabisa. Spea ambayo ikifeli inaweza kuchoma nyumba au kuumiza mtu, zile za kwenye chaja kubwa, inveta na vifaa vya hospitali, fundi akiniomba namwambia wazi: hizi naleta kwa msambazaji rasmi, bei ni hii, wiki tatu. Wengine wanaondoka. Wanaobaki ndio wanaoniita na kwenye kazi kubwa. Na kwa wale wanaotengeneza bodi zao wenyewe, zipo kampuni kama JLCPCB ya Shenzhen ambazo zinachapa bodi, zinafunga vipuri kutoka kwa wenzao LCSC, na kukutumia bodi iliyokamilika. Huo nao ni mtindo wa mtoa huduma mmoja, na vipuri vyao vina orodha inayoonekana. Ila hata hapo, bodi kumi zikifika, iwashe kila moja kwenye meza yako kabla hujampa mteja. Spea zao zisizo za kawaida zina ada ya ziada kwa kila aina, soma kabla ya kulipa.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari kuelekea tarehe 20, viwanda na vibanda vinafunga wiki mbili mpaka nne, wengine wanaondoka mapema kurudi vijijini. Siku za mwisho kabla ya kufunga ndipo mzigo mbovu unasukumwa sana, kila mtu anataka kumaliza stoo na ajenti wako ana oda hamsini mkononi. Oda yako itoke Desemba mapema, ifike, uipime, na kama kuna cha kulalamika, ulalamike wakati bado kuna mtu kibandani wa kupokea lawama.

Nakusanya viwango vya maajenti wanavyotoza sasa hivi, kamisheni na kiwango cha yuani, kwa mizigo ya Guangzhou kuja Dar na Mwanza. Ukiwa na ankara ya miezi hii, futa majina unitumie inbox, nikishapata za kutosha nitaziweka hapa tulinganishe.